Yule Perege Mdogo Kwenye Mgono Wangu

Odila,

Wewe ni mjinga. Naanza hivyo usije ukasoma mistari miwili ukadhani Bibi amelainika kwa sababu kesho unaondoka. Umesoma mpaka kidato cha sita, una daftari nene kuliko misale ya padri, una kalamu za rangi tatu, na kwa wiki sita umehesabu samaki pale kwenye kona ya mto bila kuona kitu ambacho mtoto yeyote wa hapa bondeni angekiona huku anasinzia.

Barua hii nimeiweka kwenye daftari lako, ukurasa wa Alhamisi ya wiki ya pili. Usome huo ukurasa. Umeandika kwa wino wa bluu kwamba mgono wa asili, ndiyo mtego wangu huo wa kusuka kwa fito, umeshika perege saba, na mmoja ni mdogo. Ukampima kwa rula. Ukaandika urefu, ukaandika na unene. Haya. Sasa toka nje, nenda ukutani nilikotundika mgono wangu wa pili, uingize vidole vyako viwili kati ya ufito na ufito. Vimeingia? Yule perege hakuwa na unene wa kidole changu kimoja. Alikuwa anafanya nini mle ndani usiku kucha? Alikuwa ananisubiri mimi nimsalimie?

Nilimtia mimi. Nilimtoa kwenye mgono wa nondo nikamtia kwenye wangu, asubuhi hiyo kabla hujaamka. Na si asubuhi hiyo tu, na si yeye peke yake.

Kaa chini kama umesimama.

Sitakuandikia kuhusu kufua, kula kwa wakati na kuchagua marafiki. Hayo shangazi yako anakwambia huko Heru Juu sasa hivi ninapoandika, na najua hatakuachia upumue mpaka jua lishuke. Ndiyo maana nimekutuma kumuaga leo mchana, nipate nafasi. Naandika kwa mkono wangu. Nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa tayari nina mtoto mgongoni, na herufi zangu ni kubwa kwa sababu macho yangu ni ya zamani, si kwa sababu sijui. Usizicheke.

Maana wewe unacheka. Unakumbuka siku ile bwana samaki alipokuja kutoka Kasulu na ile migono yake miwili kwenye pikipiki? Tulikaa wanawake wa kikundi wote pale kwenye majani. Akatuonyesha pete za nondo zilizozungushiwa wavu wa nailoni, koo huku na koo huku, samaki aingie upande wowote atakao, na mlango ubavuni wa kufunga kwa kamba. Akasema huu ndio mgono ulioboreshwa. Sawa. Kisha akanyanyua mgono wangu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa, akageuka kwa wanawake akasema, "Huu wa Bibi tutaupeleka makumbusho."

Wakacheka. Mama Zawadi, jirani yangu niliyempokea watoto wake wawili kwa mikono hii, alicheka mpaka akafuta macho. Na wewe ulicheka. Kidogo, ukainamisha kichwa. Ulidhani sikuona. Niliona.

Ukaja na ile hoja yako ya shule, kwamba tusibishane, tupime. Migono yangu miwili, yake miwili, kona ileile, chambo kilekile, wiki sita, na wewe utaandika. Bwana samaki akafurahi kweli, akasema daftari hilo ukienda nalo chuoni walimu watakujua kabla hawajakufahamu jina. Mimi nikasema pimeni. Nikainuka nikaenda kulima. Lakini moyoni nilikuwa nimeshajua kwamba sitakubali.

Nikwambie kwa nini, maana hukuwahi kuuliza. Umekula samaki wa mgono ule tangu huna meno na hukuwahi kuuliza ni nani alinifundisha. Hakuna. Kusuka migono ilikuwa kazi ya wanaume. Babu yako alipokufa aliniacha na watoto watatu na mgono mmoja mzima, na hakuna mwanaume hata mmoja hapa aliyetaka kunionyesha. Walisema mwanamke asuke vikapu na ungo. Basi nikauchukua ule mgono wa marehemu nikaufumua. Ufito mmoja mmoja, nikiupanga chini kwa mfuatano wake, na kila fundo nililolifungua nikalifunga tena kwenye kamba nyingine ili vidole vilijue. Siku tatu. Kisha nikaanza kuusuka upya.

Wa kwanza nilikosea koo. Nililisuka kwa fito ngumu, zikasimama wazi kama mlango wa kanisa, samaki akaingia akala chambo akatoka ameshiba. Nilikwenda kuutoa wanaume wakiwa pale ng'ambo wananitazama. Mtupu. Mmoja wao, Mzee Filipo, Mungu amrehemu kama anaweza, akaniuliza kama samaki wangu wameacha salamu. Wiki nzima kila nikipita barabarani mtu ananiuliza salamu. Nikarudi, nikalisuka koo upya kwa matete mabichi, yale yanayolainika yakilowa, yanampisha samaki akiingia na kumchoma akitaka kurudi. Mpaka leo nalisuka hivyo. Mzee Filipo mwenyewe kabla hajafa alikuwa anatuma mtoto kuja kuniomba nimsukie.

Sasa aje kijana mwenye viatu vyeupe aniambie makumbusho.

Basi alfajiri nilikuwa natangulia. Ulikuwa unajua natoka mapema kuchota maji, na kweli nilikuwa narudi na ndoo, sikukudanganya katika hilo. Naingia mtoni mpaka kiunoni. Wa nondo ni rahisi sana kuufungua, hilo nalikubali, unafungua kile kimlango ubavuni na mkono unaingia. Nachukua wakubwa wanne, siku nyingine watano. Nafungua mkia wa mgono wangu, ule mwisho wa nyuma unaofungwa kwa kamba, nawatia, nafunga. Namwachia bwana samaki wake wachache, nisimwaibishe kupita kiasi. Kisha unakuja wewe jua likitoka, na buti zako na rula yako, unatoa, unahesabu, unaandika. Mgono wa Bibi tisa. Mgono wa nondo sita. Mgono wa Bibi nane. Mgono wa nondo watano.

Nilikuwa mwangalifu. Nilichagua wanene tu, ambao hawawezi kupenya kwenye fito zangu. Ile Alhamisi kulikuwa na ukungu na vidole vimekufa baridi, yule mdogo akapita kati ya wenzake. Nilipokuona unampima nikasema mwisho wangu umefika, mtoto huyu ana akili, ataniuliza sasa hivi. Ukampima, ukaandika, ukamrudisha majini. Ukaniambia, "Bibi, hata wadogo wanaupenda mgono wako."

Pumbavu.

Na pua. Hukuona pua zao? Samaki aliyelala kwenye wavu wa nailoni anajisugua usiku kucha akitafuta njia, asubuhi pua imechubuka, nyeupe. Wa kwenye fito hachubuki hivyo. Nusu ya samaki uliowatoa kwenye mgono wangu walikuwa na pua nyeupe. Umezishika kwa mikono yako wiki sita. Ulikuwa unatazama rula, humtazami samaki. Chuoni watakupa rula nyingine ndefu zaidi, na utakuwa hivyohivyo usipoambiwa leo.

Siku ya mwisho ulipojumlisha ukapiga mbio kutoka mtoni mpaka shambani, ukanikumbatia na jembe likiwa mkononi. Ukasema, "Umemshinda, Bibi." Mimi nikakwambia niache nilime. Ukadhani ni ukali wangu wa kawaida. Haukuwa ukali. Nilikuwa siwezi kukutazama.

Bwana samaki alipoona daftari akaja kunipa mkono mbele ya wanawake walewale. Akasema amejifunza. Kikundi kikaamua asilete migono mingine, watu waendelee na ya fito. Mama Zawadi akaniletea mkungu wa ndizi eti nimewafumbua macho. Ndizi zile nilizila, Odila. Zilikuwa nzuri. Siku zilivyopita nikaanza kumwona Mama Zawadi anarudi kutoka mtoni na kambare wawili, watatu, ana watoto sita nyumbani, na mimi najua mgono wa nondo ungempa mara mbili ya hao. Najua kwa sababu nimewahesabu kwa mkono kabla yako, kila alfajiri, kwenye maji baridi. Mimi ndiye mtu pekee hapa mwenye hesabu ya kweli, na sikuiandika popote.

Sasa subiri, usikimbilie kusema basi wa nondo ni bora. Ndiyo maana nakuita mjinga, unajua kukimbia tu.

Unakumbuka wiki ya nne mto ulijaa ghafla, mgono mmoja wa nondo ukachukuliwa? Uliandika "umepotea" ukapiga mstari. Kwako habari yake iliishia hapo. Wiki ya juzi nilikwenda kukata matete kule chini, mbali, mto unapojikunja kabla ya kwenda kuingia Malagarasi. Nikasikia harufu. Ulikuwa umenasa kwenye mizizi, nusu ndani ya maji, mzima kabisa, hata fundo moja halijaachia. Ndani kulikuwa na kambare wanne hai, wamekonda vichwa vimekuwa vikubwa kuliko miili. Wengine wamekufa. Chini yao mifupa, na chini ya mifupa mifupa mingine. Hakuna mtu aliyeutega, hakuna aliyeutilia chambo. Aliyekufa ndiye alikuwa chambo cha anayekuja. Ungeendelea hivyo miaka.

Mgono wangu uliochukuliwa na maji mwaka jana niliukuta palepale chini. Unajua ulikuwaje? Koo limeoza limeanguka, mkia umefunguka, konokono wametaga humo. Samaki anaingia na kutoka kama kwake. Ule wa fito ukipotea, unakufa. Ule wa nondo ukipotea, unaendelea kuvua bila mtu.

Na ule wavu wenye matundu madogo unamshika hata mtoto wa perege ambaye hajawahi kutaga. Wangu unamwachia, vidole viwili, anapita, anarudi mwakani akiwa mnene. Hayo ndiyo ningemwambia bwana samaki mbele ya watu. Nina maneno ya kweli ya kumfunga mdomo, na siwezi kuyasema. Nikisema wa kwake unashika na watoto, ataniuliza watoto hao mbona hawamo kwenye daftari. Kweli hawamo. Nilikuwa nawatupa mtoni kila alfajiri ili hesabu yake ipungue. Basi nikaukokota ule mgono wa mifupa mpaka nyumbani, nikauficha nyuma ya banda la mbuzi chini ya magunia. Upo huko. Umepita mbele yake kila siku kwenda kukamua.

Sasa nikuandikie jambo moja nililokosea zamani, usije ukadhani nimeanza kukosea uzeeni.

Mama yako alipokuwa na miaka kumi na mmoja ilikuwa kipaimara cha kaka yake. Wageni walikuwa waje, padri awepo, na mimi nilikuwa nimetangaza kwa kila mtu kwamba watakula samaki wa mgono wangu. Asubuhi nikaenda, mkia wa mgono uko wazi, kambare wote wameondoka. Nikarudi nikamuuliza mama yako, kwa sababu jana yake nilimwona akicheza karibu na mto. Akakataa. Nikampiga. Akakataa tena, nikampiga zaidi, mbele ya wageni waliokwisha kufika. Wageni wakala maharage. Jioni nilipofungua pindo la kitenge changu kutafuta tumbaku ya kumpa mgeni mmoja mzee, nikaikuta kamba ya mkia wa mgono. Niliifungia humo mwenyewe nilipokuwa natia chambo, nikasahau kuirudisha. Mama yako alikuwa amelala kwa tumbo kwa sababu mgongo ulikuwa hauguswi.

Niliitupa ile kamba motoni. Sikumwambia. Nikasema moyoni, nitamwambia akikua. Akakua, akaolewa Kakonko, akakuzaa, akakuleta kwangu unyonye uji. Sikumwambia. Unashangaa kwa nini mama yako akija hapa hafiki mtoni hata siku moja, na akipiga simu anaongea na wewe, mimi ananitumia salamu tu. Hiyo ndiyo sababu. Anajua hakuufungua. Amekuwa akijua miaka yote hii, na anajua kwamba mimi ninajua, kwa sababu siku ya pili nilimpa mguu wa kuku bila kumtazama usoni.

Simwombi yeye msamaha kwenye barua yako. Huyo nitamfuata mwenyewe Kakonko kwa miguu yangu, na si kazi yako kumwambia. Nimekusimulia tu ujue ninavyofanya nikikosea. Nakaa kimya na nakuwa mkali. Ukiniona mkali sana, tafuta nimeficha nini. Ungelijua hilo mapema ungeshaangalia nyuma ya banda la mbuzi.

Kesho unataka kupanda basi na daftari hilo. Utawakabidhi walimu. Kati yao atakuwepo mmoja anayejua samaki, hata kama ni mmoja tu, atafika Alhamisi ya wiki ya pili, atamtazama yule perege mdogo na nafasi ya fito uliyoichora mwenyewe kwa penseli. Hatasema kuna bibi mmoja huko Kasulu alikuwa mshenzi. Atasema huyu binti ni mwongo. Siku yako ya kwanza. Mimi nimewahi kutembea barabarani watu wakiniuliza salamu za samaki, nikiwa sijadanganya mtu, nimekosea koo tu. Wewe watakuuliza miaka mitatu.

Kwa hiyo nisikilize, na usije kunigongea mlango kulia. Sitakuwepo.

Leo mchana, ulipoondoka tu na bodaboda, nimetega migono miwili kwenye kona: wangu mmoja na ule wa nondo uliobaki. Machicha ya pombe kiasi kilekile, kumbikumbi kiasi kilekile. Mimi nalala kule juu kwenye kibanda cha shamba la muhogo. Ukiamka tazama juu, utaona moto wangu. Ukiuona moto uko juu, ujue mtoni hakuna mtu aliyekutangulia.

Basi la asubuhi linalotoka Kibondo liache lipite. Lipo la mchana. Ingia mtoni mwenyewe, toa mgono wa kwanza, toa wa pili. Watoe samaki mmoja mmoja. Watazame pua. Samaki mdogo mtazame na yeye, umwandike yuko kwenye mgono gani. Utakuta wa nondo umenishinda. Andika kwamba umenishinda. Najua siku moja si wiki sita, wala sisemi ishike nafasi ya zile nyingine. Zile wiki sita zikate kwa mstari mmoja, usichane kurasa, ziachwe zisomeke, na ukingoni andika jina langu lote, la ubatizo na la ukoo, na kwamba nilikuwa nahamisha samaki. Usiandike "mtu fulani". Usiandike "kulitokea hitilafu". Andika Bibi.

Kisha nenda nyuma ya banda, funua magunia, uhesabu mifupa. Ukurasa mpya. Mahali ulipoandika "umepotea" andika ulipopatikana na ulichokuwa unafanya. Na chini yake uandike, nimesema mimi na wala sikusoma popote, kwamba kile kimlango cha ubavuni kifungwe kwa kamba ya mgomba badala ya nailoni. Kamba ya mgomba inakaa majini siku chache inaoza. Mvuvi ataibadilisha kila wiki. Mgono ukipotea, mlango unafunguka wenyewe. Na wavu upanuliwe matundu, vidole viwili. Hapo bwana samaki alete migono yake mingi anavyotaka, na Mama Zawadi apate yake. Huo ndio nitaukubali uitwe umeboreshwa.

Pita ofisini kwake Kasulu kabla ya kuendelea na safari. Mkabidhi ule mgono na mifupa yake ndani, usiuoshe. Msomee kurasa zote mbili, kwa sauti, watu wakiwepo. Akicheka, mwache acheke. Mwambie Bibi atakuwa kwenye majani pale pale Jumapili baada ya misa na kikundi chote, aje, nitayasema mwenyewe mbele yao, na avae viatu vya kuingilia matopeni.

Sasa funga daftari. Ondoa kengele yako ya simu ya saa kumi na mbili, uweke saa kumi na moja. Asubuhi uingie mtoni, na uanze na mgono wangu.